Maswali na majibu: Kipira cha kwenye nyuzi na kiwiko kinachouma

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nacheza tenisi Mombasa, jioni, mara tatu kwa wiki. Raketi yangu ni ya grafiti, gramu 270 kabla ya kufungwa nyuzi, na ugumu wa fremu umeandikwa RA 71 (namba ikiwa kubwa, fremu ni ngumu zaidi). Nyuzi ni polista, zilifungwa kwa mkazo wa kilo 25 na sasa zina miezi sita. Kiwiko cha kulia kimeanza kuuma upande wa nje, zaidi nikipiga bekihendi (pigo la mgongo wa mkono). Nimeweka vipira viwili vya kuzuia mtetemo lakini hali ni ileile. Tena mpini unateleza kwa jasho hata ovagripu (utepe wa juu wa mpini) ikiwa mpya. Ninunue kipira kizuri zaidi, au nihamie raketi hizi mpya zinazosemekana kumeza mtetemo?

JIBU: Pole kwa kiwiko. Kwanza funga pochi, kwa sababu vitu vyote viwili unavyofikiria kununua viko mwisho wa foleni. Kinachokuumiza kipo kwenye nyuzi, uzito wa raketi na jinsi unavyolazimika kuubana mpini.

Tuanze na kipira, maana ndicho kinachowapotosha wengi. Mpira unapogonga raketi, mitetemo miwili tofauti huzaliwa. Nyuzi hutetemeka kwa kasi, kama mara 400 hadi 600 kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti ya "ping" unayoisikia. Fremu nayo hujipinda na kurudi polepole zaidi, kama mara 120 hadi 200 kwa sekunde kwa raketi za grafiti za leo. Mtetemo wa fremu ndio unaopita kwenye mpini na kuingia mkononi. Kipira chenye gramu mbili au tatu kinatosha kabisa kunyamazisha nyuzi, lakini hakiwezi kutuliza fremu yenye uzito wa mara mia moja yake. Watafiti Li, Fewtrell na Jenkins walilipima jambo hili kwenye mikono ya wachezaji na kuchapisha matokeo mwaka 2004: vipira vya nyuzi havikupunguza mtetemo wa fremu unaofika kwenye kigasha.

Unaweza kulihakikisha mwenyewe nyumbani. Shika mpini kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama sentimita 15 kutoka kitakoni, yaani mwisho wa mpini, uiache raketi ining'inie kichwa kikiwa chini. Gonga katikati ya nyuzi kwa mpira, kisha gonga karibu na ncha ya kichwa, halafu karibu na shingo. Ukigonga katikati, vidole havihisi karibu chochote. Ukigonga nchani au shingoni, fremu inatetemeka waziwazi. Sasa toa kipira urudie: sauti itabadilika sana, lakini mtetemo unaousikia vidoleni utabaki ulivyokuwa. Sehemu ile ya katikati ndiyo kituo cha utulivu cha fremu, na Howard Brody, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliieleza vizuri tangu miaka ya 1980. Kuupiga mpira hapo kunasaidia kiwiko kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kama unaipenda sauti ya kipira, kiache, hakina madhara. Bingwa wa Marekani Andre Agassi alitumia rababendi iliyofungwa fundo na ilimtosha. Ila kimoja kinatosha, na kiwekwe nje ya eneo ambalo nyuzi za wima na za mlalo zinapishana, chini ya uzi wa mwisho wa mlalo. Kanuni za ITF, shirikisho la kimataifa la tenisi, haziruhusu kukiweka ndani ya eneo hilo.

Tuje kwenye nyuzi, ambako ndiko kwenye tatizo kubwa. Polista ni uzi mgumu. Iliingia kwa kishindo baada ya Mbrazili Gustavo Kuerten kushinda mashindano ya Roland Garros, Ufaransa, mwaka 1997 akitumia nyuzi za polista za Luxilon, na kila mtu akaitaka kwa sababu ya mzunguko wa mpira. Lakini polista hupoteza mkazo haraka, na ikichoka inapoteza pia ile hali ya kunyumbuka na kurudi. Uzi unakuwa hautoi tena mpira wala haulegezi mshtuko, na mchezaji anaanza kupiga kwa nguvu zaidi ili afidie. Miezi sita kwa mtu anayecheza mara tatu kwa wiki ni mingi mno. Usidanganyike kwamba kwa kuwa hazijakatika bado ni nzima. Polista nyingi hufa muda mrefu kabla ya kukatika.

Ningekufungia multifilamenti ya milimita 1.30, yaani uzi uliosukwa kwa nyuzinyuzi nyingi laini, kwa kilo 23. Cheza hivyo wiki mbili. Ukiona mpira unaruka nje sana, ongeza kilo moja safari ijayo. Ukiona bado mkono unapokea mshtuko, punguza moja. Usiruke kilo tatu kwa mara moja, hutajua kilichosaidia ni nini. Uzi laini kuliko wote ni ule wa utumbo wa ng'ombe, lakini kwa Mombasa sikushauri: unyevu wa Pwani unauvimbisha na kuutoa nyuzinyuzi mapema, na bei yake ni kubwa. Ukishindwa kabisa kuachana na polista, changanya: multifilamenti kwenye nyuzi za wima, kwa sababu hizo ndizo zinazofanya kazi kubwa, na polista kwenye za mlalo, kwa mkazo wa chini kidogo.

Jambo moja ambalo wachezaji wa Pwani hulisahau: raketi isilale kwenye buti la gari. Joto la mchana ndani ya gari lililofungwa hulegeza nyuzi kwa saa chache tu, na gundi ya gripu ya msingi (ile ya ndani, chini ya ovagripu) nayo huyeyuka ikaanza kusogea juu ya mpini.

Kuhusu mtelezo. Mkono unapoteleza, ubongo unaamuru vidole vikaze. Vidole vikikaza, misuli inayozuia kifundo cha mkono kisipinde hukaza pia, na hiyo ndiyo inayojishikiza kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, palepale panapokuuma. Isitoshe, mkono uliokaza unaifyonza mitetemo ya fremu na kuipeleka kigashani. Kwa hiyo gripu inayoshika vizuri ni kinga halisi, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya mtetemo.

Nahisi ovagripu yako ni ya aina inayonata. Hiyo ni nzuri kwa mkono mkavu au hewa ya baridi. Ikishaloa jasho inageuka sabuni. Kwa jasho la Mombasa tafuta aina kavu, ile yenye uso kama kitambaa au karatasi laini, mfano Tourna ya rangi ya samawati. Hiyo hushika zaidi kadiri inavyopata unyevu kidogo. Inachakaa haraka, basi kwa mtu wa mara tatu kwa wiki ibadilishe kila wiki, hata kabla haijachanika.

Uifunge hivi. Vua ya zamani, futa gripu ya msingi kwa kitambaa kikavu, na uiache ikauke kabisa kama ilikuwa imeloa. Anzia kitakoni kwa ile ncha iliyokatwa kimshazari yenye kigundi, izunguke kitako mara moja kamili, kisha panda juu ukipishanisha kila mzunguko juu ya uliotangulia kwa milimita 3 hivi. Ivute kiasi cha kulala bila mikunjo. Ukiivuta kupita kiasi inakonda na kuchanika. Ukiilegeza, itakunjamana chini ya kidole cha mwisho na kukutoa lengelenge. Malizia kwa utepe wake pale gripu ya msingi inapoishia.

Usivalishe ovagripu mbili juu ya nyingine ili kupata ulaini. Kila moja ina unene wa karibu nusu milimita, na mpini una pande nane ambazo mkono unazitumia kujua uso wa raketi umeelekea wapi. Zikifunikwa sana, mpini unakuwa duara na raketi inazunguka kiganjani. Ulaini huo nao ni mdogo kuliko unavyodhani: tabaka la milimita mbili halizuii mtetemo wa polepole kama wa fremu. Kipimo cha mpini kipime hivi: shika kama unapiga fohendi (pigo la upande wa kiganja), kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia sawasawa, kipimo ni chako. Kisipoingia, mpini ni mwembamba. Kikibaki na nafasi, ni mnene.

Uzito. Gramu 270 na RA 71 ni mchanganyiko mgumu kwa kiwiko. Raketi nyepesi inasukumwa zaidi na mpira, na kinachobaki kinabebwa na mkono. Bandika utepe wa risasi gramu 3 kila upande wa kichwa, kulia na kushoto, katikati ya urefu wake, na gramu 6 hadi 8 chini ya gripu ya msingi ili kichwa kisizidi uzito. Ule wa kichwani hupunguza raketi kujizungusha unapokosea katikati. Funika risasi kwa utepe mwingine na unawe mikono.

Sasa hizo teknolojia za kumeza mtetemo. Zipo za kweli. Kati ya watengenezaji wa raketi, ProKennex waliweka vyumba vidogo vyenye chembe zinazocheza ndani ya fremu, Head wakatumia nyuzinyuzi za piezo, zinazogeuza mtetemo kuwa umeme, ndani ya fremu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Wilson mwaka 2017 wakauza raketi ya Blade yenye tabaka la kumeza mtetemo liitwalo Countervail ndani ya grafiti. Zinaweza kusaidia, lakini raketi yenye teknolojia hizo ikifungwa polista mfu kwa kilo 25 bado itakuumiza. Siku utakapobadilisha raketi, tazama kwanza namba mbili: RA isiyozidi 63 na uzito wa gramu 295 au zaidi. Jina la teknolojia litafuata.

Kabla ya yote hayo, igonge fremu yako kwa kifundo cha kidole kuizunguka yote. Ukisikia mlio wa kukwaruza sehemu moja, huenda kuna ufa, au ukanda wa plastiki wa kupitishia nyuzi umelegea. Kagua pia kifuniko cha kitako. Fremu yenye ufa haitibiki kwa nyuzi mpya.

Na ikiwa kiwiko kinauma hata ukinyanyua kikombe cha chai, au vidole vinakufa ganzi, simamisha bekihendi na umwone mtaalamu wa fiziotherapia wiki hii, nyuzi zikiwa bado kwa fundi.