Nilivyojifunza kuomba nikiwa nimeshika kalamu mkononi

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu.

Nimesoma swali lako mara tatu kabla ya kuamua kulijibu, kwa kuwa wengi waliotangulia wamekutia moyo kwa maneno mazuri lakini hawakugusa hasa kile ulichouliza. Umesema una miaka 27, uko mwezi wa nane katika ajira ya mkataba, na mkubwa wako wa kazi amekuletea orodha ya mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika, akitaka uitie saini ili posho itoke. Umefunga siku tatu, umekwenda kwenye mkesha, na bado kila ukimwona anaelekea mezani kwako tumbo linakukata. Mwishoni umeuliza jambo ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi: je, Mungu ana kusudi gani na mtu mwoga kama wewe?

Mimi si mchungaji. Ni mtunza stoo, kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20 katika miji ya Kanda ya Ziwa, na mtihani wako ninaufahamu kwa sababu mara ya kwanza uliponijia niliufeli.

Ilikuwa mwaka 2009, katika kampuni ya ujenzi ambayo sitaitaja. Liliingia lori la saruji ambalo hati yake ilisema mifuko 600, nami nilipohesabu niliipata 540. Mifuko 60 ya kilo 50 ni tani tatu, kwa hiyo hapakuwa na uwezekano wa kusema kwamba imepotelea njiani. Msimamizi wa mradi akanishika bega, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hesabu nyingine huwa zinakamilika baadaye, nikasaini 600. Jioni ile nilipewa bahasha yenye shilingi 50,000. Nataka ufahamu kwamba asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeomba, tena kwa muda mrefu, maana wakati huo nilikuwa kiongozi wa maombi katika kwaya yetu. Niliombea taifa, wagonjwa na safari ya askofu. Sikuomba hata neno moja kuhusu lori ambalo nilijua tangu jana yake kwamba linakuja, na nilijua pia litakavyokuja.

Kwa muda wa miezi kadhaa sikumwambia mtu. Aliyenifungua ni bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuvuka hadi kwetu Bukoba. Wazee wale, ambao watu waliwaita walokole, walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni: mtu akiguswa moyo hakuishia kulia kanisani, bali alimfuata jirani aliyemwibia ndizi au kumsingizia, akakiri kwa kinywa chake na kurudisha alichochukua. Wengine walicheka desturi hiyo, na ninakiri kwamba ilikuwa na mambo yake ya kupita kiasi. Hata hivyo, bibi hakunihubiria. Nilipomwambia kwamba maombi yangu yamekuwa kama kuongea na ukuta, aliacha kumenya ndizi, akaniangalia, akaniuliza, "Una kitu cha nani mkononi?"

Nilirudi kazini, nikaomba kuonana na mwenye kampuni, nikamweleza habari za mifuko 60 na za bahasha. Sitakudanganya kwamba alinikumbatia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaagiza nikatwe mshahara kwa miezi minne, na msimamizi wa mradi akahamishiwa eneo jingine, ambako alibaki na cheo chake kilekile na chuki dhidi yangu. Lakini usiku ule nilisema "Baba yetu" nikafika mwisho.

Mwaka 2011 msimamizi yuleyule alirudi kwenye mradi wetu, na lori jingine likaja likiwa na upungufu mwingine. Nakumbuka injini ilikuwa haijazimwa, vibarua wameketi ukingoni mwa bodi wakisubiri kulipwa, vumbi la saruji limenikauka kwenye vidole hata kalamu ikawa inateleza. Akasema, "Saini, gari liondoke." Hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti. Nilitazama chini kwenye hati, nikasema moyoni, "Bwana, nishike ulimi," kisha nikamwambia, "Mzee, nimehesabu 540, nitasaini 540." Magoti yalitetemeka na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Nilisaini 540.

Ni baada ya siku hiyo ndipo niliposoma kitabu cha Nehemia kwa macho ya mtunza stoo, nami ninakuomba ukisome hivyohivyo. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, mwajiriwa kama wewe, tena katika nafasi ambayo uso wenye huzuni ungeweza kumgharimu maisha. Alipopata habari za kubomoka kwa Yerusalemu ulikuwa mwezi wa Kisleu, na siku alipozungumza na mfalme ilikuwa Nisani. Katikati ya hapo imepita kama miezi minne ya kufunga na kuomba. Mfalme alipomuuliza sababu ya huzuni yake, Nehemia mwenyewe ameandika kwamba aliogopa sana. Mfalme akauliza anataka nini, na kabla ya jibu Biblia inasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Ombi hilo halikuandikwa. Lilikaa kati ya swali la mfalme na jibu lake, pengine kwa muda usiozidi pumzi moja.

Wahubiri wengi huishia hapo. Mimi hunivutia zaidi yale yanayofuata. Nehemia anamtajia mfalme muda atakaokuwa safarini, anaomba nyaraka za kupita kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na anaomba waraka kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Alimjua mtunza msitu kwa jina! Mtu ambaye amekaa miezi minne akilia tu hawezi kuwa na orodha ya vifaa kichwani. Inaonekana wazi kwamba ndani ya maombi yale marefu alikuwa pia akipima, akiuliza na kupanga, hata mlango ulipofunguka akawa na la kusema. Ombi fupi la mbele ya mfalme lilikuwa na nguvu kwa sababu lilisimama juu ya yale marefu, na yale marefu yalihusu jambo lenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na waliokushauri uongeze siku za kufunga. Sipingi kufunga wala mkesha, nami huhudhuria. Lakini chunguza kama hutumii mkesha kuahirisha mazungumzo ya dakika mbili na mkubwa wako. Mtu anaweza kukemea roho ya woga usiku kucha, asubuhi akapita mlango wa nyuma ili asikutane na bosi. Ukiingia katika maombi yako ya leo, mtaje mtu huyo, itaje karatasi hiyo, mwambie Mungu ni sentensi gani unaogopa kuisema na unaogopa kupoteza nini. Yule baba katika Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Bwana hakumrudisha kwenye mstari akajipange upya.

Kuhusu woga wenyewe, usingoje uondoke. Mtunga Zaburi hakusema kwamba siku ya hofu haitakuwapo, alisema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Bibi alipenda kututajia Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, ambaye naye alikuwa zao la Uamsho uleule. Mapema Februari 1977 askari walivamia na kupekua nyumba yake usiku. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga uonevu na mauaji, wakaitia saini kwa majina yao, na tarehe 16 mwezi huohuo akauawa, huku serikali ikitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Silinganishi mifuko ya saruji na damu ya mtu yule, na wewe pia usilinganishe. Ninachokiona ni kwamba watu wale walikuwa wamezoeshana tangu ujana kusema ukweli katika mambo madogo ya ndizi na ya jirani, na siku ya jambo kubwa ilipofika mkono ulikuwa umekwishazoea njia.

Sasa nikueleze yaliyonipata, kwa sababu ushuhuda uliokatwa mkia huwaumiza watu. Mkataba wangu haukuhuishwa. Nilikaa miezi saba bila kazi, na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliibeba nyumba nzima kwa mshahara wake. Sikupata baadaye cheo kikubwa wala gari, nami huwa ninajikunyata kila ninaposikia shuhuda ambazo lazima ziishie kwenye ufunguo wa gari. Katika miezi ile niliomba maombi makavu kabisa, asubuhi nyingine nilikaa tu kwenye kiti na daftari langu, nikaandika tarehe na mstari mmoja, "Bwana, bado nipo." Ninalo daftari hilo. Ukurasa mmoja una mstari huo mara tano mfululizo na hakuna kingine.

Swali lako la kusudi lilijibiwa kwangu katika kipindi hichohicho, ingawa nilichelewa kulitambua jibu. Kikundi cha akina mama wa mtaa wetu wa kanisa, cha kuweka na kukopa, kilikuwa karibu kuvunjika. Walikuwa na sanduku lao la bati lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na bado fedha ndani ya sanduku hazikulingana na daftari, hata wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Mama mmoja akaniita kwa sababu alijua kwamba sina kazi na kwamba kazi yangu ni kuhesabu. Nilikaa nao Jumamosi mbili. Hapakuwa na mwizi; mwandishi wao alikuwa akiandika marejesho ya mkopo pamoja na riba katika safu ya hisa, kwa hiyo daftari lilidai hisa ambazo hakuna aliyezinunua. Tulipochora safu upya na hesabu ikakubali, mama aliyekuwa akishukiwa alifunika uso kwa khanga akalia.

Nilikuwa nimengoja kusudi la Mungu kama mtu anayengoja barua ya ajira, ije na muhuri na jina langu juu. Paulo, katika Waefeso 2:10, anaandika juu ya matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali "ili tuenende nayo." Ni matendo, kwa wingi, na ni ya kuenenda nayo, yaani unayakuta njiani ukiwa unatembea. Tangu wakati ule Jumamosi zangu nyingi ni za vikundi vya namna hiyo, bila malipo, na kama kuna kazi ambayo ningesikitika kuondoka duniani bila kuifanya, ni hiyo. Angalia kwamba ilitokana na kilekile kilichonipotezea ajira, yaani kuhesabu na kukataa kuandika kisichokuwapo. Kwa hiyo sikubaliani nawe unapotenganisha maswali yako mawili, la karatasi na la kusudi.

Kwa upande wa vitendo nina machache. Kama unaweza, anza leo kuweka akiba ya kodi na chakula cha miezi mitatu, hata kwa kidogokidogo, maana ujasiri wa mtu mwenye familia unahitaji pia unga ndani ya nyumba, na hilo si upungufu wa imani. Nehemia naye alimwomba Mungu na pia aliweka walinzi. Mtafute mzee mmoja, wa kanisani au wa kazini, mwenye kinywa kinachofungika, umweleze kabla hujakutana na mkubwa wako. Usimshambulie mkubwa huyo wala usimhubirie. Huenda naye amebanwa na aliye juu yake. Usiitangaze habari hii ofisini, na usiweke jina lake hapa. Kama amekwisha kukupa maagizo kwa maandishi, yahifadhi.

Kisha andika sentensi moja utakayomwambia, fupi, yenye heshima, isiyo na neno la kumlaumu. Inaweza kuwa, "Samahani mkuu, sikuhudhuria semina hiyo, kwa hiyo siwezi kusaini kwamba nilikuwapo." Iseme kwa sauti ukiwa peke yako chumbani mpaka ulimi uizoee, iombee sentensi hiyo yenyewe, na usiiongezee maelezo utakapokuwa mbele yake, kwa sababu maelezo ndiyo yanayomfungulia mtu mlango wa kukushawishi.

Umesema ataifuata karatasi yake Jumatatu. Niandikie ni saa ngapi. Stoo yangu ninaifungua saa mbili kamili asubuhi, na kabla ya lori la kwanza kuingia huwa ninabaki na kama robo saa peke yangu kati ya rafu. Nitakuwa nimesimama hapo, na jina utakalonipa nitalitaja.