Msingi wa nyumba ya mzee: tuubakize au tuung'oe?

Mzee wetu alituachia nyumba Ngamiani, Tanga, ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma. Kuta za miti na udongo, zimepigwa lipu ya chokaa. Tulipokubaliana ndugu wanne kuibomoa tujenge ya tofali, fundi alisimama barazani, akapiga kisigino chini mara mbili. "Msingi huu bosi usiuguse. Wazee walijenga."

Sikatai, maneno yale yalinipendeza. Kung'oa msingi wa mawe ni kazi ya mtaimbo na jasho, halafu ukodi lori la kutoa kifusi, halafu uanze kuchimba upya. Ila msingi haupimwi kwa kisigino. Nikatafuta vibarua wawili, wakachimba shimo kila kona, la mtu kuweza kuchuchumaa, mpaka mwisho wa mawe uonekane. Kazi ya siku moja.

Kona tatu zilikuwa safi: mawe ya matumbawe yameshikana kwa chokaa, ukigonga mtaimbo unalia. Ya nne, upande wa bafu la zamani, niliingia mwenyewe. Nilichokonoa kati ya mawe kwa ufunguo wa pikipiki, ukatoka udongo mtupu, umelowa, laini kama uji ulioganda. Jiwe la chini nililitoa kwa mkono. Kumbe maji yetu ya kuogea yote yalikuwa yanaishia hapo.

Hata hivyo kona moja inatengenezeka. Kilichoamua ni uzi. Tulipima kona kwa kona, ulalo mmoja ukauzidi mwingine kwa sentimita 19. Nyumba ilikuwa imekaa upande na sisi tumekulia humo (nikaelewa kwa nini kabati la mama halikuwahi kukaa sawa na ukuta). Tena ramani mpya ilikuwa na sebule kubwa, na kuta mbili za ndani zingeangukia mahali pasipo na msingi kabisa.

"Basi tuunge," akasema fundi. Hapo nikamkumbuka shemeji yangu wa Muheza. Yeye aliunga. Baada ya misimu miwili ya masika ukatokea ufa palepale penye kiungo, kutoka sakafuni hadi kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), sarafu inaingia. Ardhi iliyo chini ya msingi wa zamani imeshindiliwa na uzito wa nyumba miaka mingi, imetulia. Ile ya upande mpya ndiyo kwanza inaanza kushuka. Nyumba moja, mwendo mbalimbali, lazima ipasuke.

Tukaung'oa wote. Mawe hatukuyatupa, tuliyapasua tukayashindilia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, tukaokoa tripu kadhaa za lori. Juu yake tukatandika nailoni nzito kabla ya zege, maana nyumba ya mzee ilikuwa inanyonya unyevu, kila masika rangi inabanduka hadi usawa wa magoti.

Usinielewe vibaya. Kama nyumba yako ni ya tofali za sementi, msingi una mkanda wa nondo, ramani mpya inafuata kuta zilezile na huna mpango wa ghorofa, kuung'oa ni kuchezea pesa. Lakini mwite mhandisi akiwa bado anaweza kuona mashimo. Ukimwita yakiwa yamefukiwa, naye atapiga kisigino. Na kama unaweza kungoja, chimba mwishoni mwa masika. Kiangazi kila shimo ni kavu, hutajua maji yanasimama wapi.

Usiku yafunikeni mashimo kwa mbao. Sisi mbuzi wa jirani alitumbukia akavunjika mguu, tukamlipa bei ya mbuzi wa Idi.