Shangazi wa Theluji: Ubao wa dola 600, ninunue au niache?

Jamani, narudia tena: shangazi huyu hajui mambo ya mahari wala ya wachumba waliopotea simu. Kazi yangu ni karakana ya duka la vifaa vya theluji hapa Denver, kupaka nta na kunoa kingo, mwaka wa 14 huu. Mwezi huu barua tatu zimeniletea jambo moja, splitibodi, yaani ubao wa theluji unaogawanyika vipande viwili vya kupandia mlima, nami nimefurahi.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtoto wa Likoni, sasa naishi Aurora, naendesha lori. Nimeteleza na snoubodi, ubao wa kutelezea thelujini, kwenye vituo vya mchezo huo misimu 4, lakini foleni za lifti na bei za tiketi zimenichosha. Nataka nipande milima kwa miguu yangu. Kuna jamaa anauza splitibodi iliyotumika, sentimita 158, pamoja na baindingi za kufungia viatu na ngozi zake za kupandia, dola 600 zote. Nina kilo 84, kiatu saizi 11 ya Marekani. Rafiki yangu ananicheka, ati nichukue msumeno nipasue ubao wangu wa zamani. Nifanyeje? – Abiria wa Feri*

Marahaba, mwanangu. Nianze na huo msumeno, maana rafiki yako hakukosea sana. Miaka ya 1990 kampuni ya Voile ya Salt Lake City iliuza vifaa vya mtu kujipasulia ubao wake mwenyewe, na wengi walianzia hapo. Mimi mwenyewe nimepasua mmoja, kwa ubishi tu. Kupasua si kazi. Kazi ni kwamba ule ukingo mpya wa katikati hauna chuma, na mbao ya ndani imebaki wazi inakunywa maji mpaka uizibe kwa gundi ngumu. Asubuhi njia ikiwa imeganda, ukingo usio na chuma haushiki kitu. Mwache acheke.

Kwa wanaoisikia leo: splitibodi ni snoubodi iliyogawanywa katikati kwa urefu. Ukipanda unaachanisha vipande, unavivaa kama ski, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea, na chini yake unabandika ngozi, yaani mikanda ya manyoya yaliyolala upande mmoja: inateleza ukisukuma mbele, inagoma ukirudi nyuma. Juu unabandua ngozi, unaunganisha vipande, unahamisha baindingi zikae kimshazari, unashuka.

Sasa 158. Kwa kilo zako ningesema huo ni mfupi. Kituoni unapanda lifti mikono mitupu, lakini huku mgongoni utabeba maji, chakula, koti la akiba, koleo na mengine, kilo 8 au 10 hivi, na ubao unakuhesabu wewe na mzigo wako. Tafuta 162 hadi 164. Kwa kiatu cha 11, kiuno cha ubao, yaani upana wake katikati, kiwe kama sentimita 26, au 26 na nusu. Usiende mpana zaidi ya hapo kwa kuogopa vidole kuburuza. Ubao mpana ukiugawa unakupa ski pana, na ski pana kwenye ubavu wa mlima hukulaza kifundo cha mguu siku nzima.

Lakini urefu si jambo lililonifanya niandike barua ndefu. Umbo ndilo. Splitibodi yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri na muuzaji alikuwa na maneno matamu. Ilikuwa imejikunja juu mbele na nyuma kama mtumbwi, tamu kweli kwenye theluji laini. Nikaenda nayo Berthoud Pass, mita 3,446, Januari. Pale zamani kulikuwa na kituo chenye lifti. Lifti ziliondolewa, siku hizi watu wanapanda wenyewe. Mahali penye mteremko wa ubavuni, njia imekanyagwa hadi imekuwa kioo, nikawa napiga hatua moja mbele na kurudi nusu. Wenzangu wanapita. Mzee mmoja wa ski aliniuliza kama nahitaji msaada, nikamwambia napumzika. Uongo mtupu. Nywele zilikuwa zimeganda kwa jasho.

Nyumbani nilikiweka kipande kimoja sakafuni, nikapitisha karatasi chini yake. Ikaingia kutoka mbele ikapita kabisa alama ya baindingi ndipo ikakwama. Yaani ngozi ndefu namna ile, iliyokuwa inagusa ardhi ni sehemu ya katikati tu! Tangu siku hiyo siuzi wala sinunui bila karatasi. Unachotaka ni ubao wenye upinde chini ya miguu, ambao ukiulaza bila kuukanyaga katikati panainuka kidogo, na ukiukandamiza unalala wote. Pua ikijikunja kidogo ni sawa, inasaidia kwenye theluji nzito.

Nenda kwa huyo jamaa ukiwa na karatasi yako. Ukifika, unganisha vipande, inua ubao dirishani uutazame kwa mwanga: mstari wa katikati ukiona nuru inapenya kwa upana, au ukivikamata vipande viwili na kuvisokota vikacheza, muulize kama zile ndoano zinazoshikanisha vipande zimewahi kukazwa. Zikikazwa zikatulia, hakuna neno. Zikiwa zimelika, punguza bei au ondoka. Pitisha kidole kwenye kingo zote nne, za ndani hasa, watu huzisahau. Tazama matundu ya skrubu kama yamevimba. Ngozi zake zibandue uone gundi: ikibaki utando kwenye ubao kama ubani uliotafunwa, hesabu dola 150 au zaidi za ngozi mpya. Na ukumbuke, ngozi zilizokatwa kwa ubao wa 158 hazitatosha ubao mwingine utakaonunua kesho.

Baindingi zisikupite. Mimi ningechukua ubao wa wastani wenye baindingi nzuri kuliko kinyume chake. Zile za siku hizi zinatelezeshwa kwenye vishikizo vyake ubaoni na kufungwa kwa mkono. Ukiwa na glavu na upepo unapiga, utaniombea dua. Jaribu kubadilisha pale pale, uvae glavu, sebuleni kwa muuzaji. Akikuona mwendawazimu, sawa tu.

Kwa hiyo kwa 158 hiyo, jibu langu ni uiache. Na hizo 600 anza nazo kununua bikoni ya kutafutana chini ya theluji, ile ya 457 kilohezi, koleo la chuma na fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, kisha lipia kozi ya ngazi ya kwanza ya maporomoko ya theluji, siku 3. Usininunie. Theluji ya Colorado ina tabia yake: ya mwanzo wa msimu huanguka kidogo, baridi kali inaikausha kutoka ndani, na chini inabaki punje punje kama sukari ya gunia. Ichote mkononi, haishikani. Juu ya sukari hiyo baadaye hulala theluji nzito, na kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 kila kitu kinaweza kuondoka kwa pamoja, pamoja na wewe. Robo saa ya kwanza ndiyo ya kumfukua mtu, na helikopta haitakuwa imefika. Atakayekufukua ni mwenzako uliyepanda naye. Taarifa ya CAIC, kituo cha Colorado cha habari za maporomoko ya theluji, hutoka kila siku wakati wa baridi, hatari ya 1 hadi 5. Isome hata kabla hujamiliki ubao, uizoee kama unavyozoea taarifa ya barabara ya I-70 na lori lako.

*Shangazi, mimi ni wa Bukavu, nasomea Salt Lake City. Ubao ninao. Ngozi: manyoya ya mbuzi ao nailoni? – Mwanafunzi*

Nailoni, mwaka wa kwanza. Manyoya ya mbuzi wa Angora yanateleza vizuri na ni mepesi, lakini nailoni inashika zaidi na inavumilia makosa, na utakosea. Baadaye chukua za mchanganyiko. Ukizikata, acha milimita 2 hivi za ukingo wa chuma zionekane kila upande. Usizianike juu ya hita, gundi inaharibika, wala usizitupe kwenye zulia lenye nywele za paka (nina ushahidi nyumbani kwangu). Mlimani ziweke ndani ya koti, kifuani, zisigande. Na uliuliza pembeni kuhusu Alta, kile kituo cha kutelezea karibu na hapo kwenu: lifti zao mpaka leo ni za ski tu, snoubodi hawataki. Usipoteze petroli.

*Shangazi, niko Innsbruck. Mume wangu anasema splitibodi ni ghali, nivae viatu vya theluji vya kutembelea na ubao niubebe mgongoni. – Mama Wawili*

Kwa mwendo wa nusu saa, mumeo yuko sahihi, na nimefanya hivyo miaka miwili. Zaidi ya hapo ubao mgongoni ni tanga: upepo wa mgongo wa mlima unakugeuza. Halafu viatu hivyo hutoboa njia ya watu wa ski, na watakununia. Azima splitibodi dukani kwa siku moja kwanza. Sehemu za Alps duka linalokodisha halikosekani. Mwachie mumeo watoto Jumamosi hiyo, na funguo za gari chukua wewe.