Hukumu ya Kununua Vipande vya Mfuko Unaofuata Fahirisi ya Soko la Hisa

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na nimestaafu kazi ya bandarini. Mwanangu anayeishi Uingereza anataka kuniwekea sehemu ya kiinua mgongo changu katika mfuko ambao, kwa maelezo yake, hauna mtu anayechagua hisa. Unafuata tu fahirisi ya soko, na mwenye fedha hana la kufanya ila kusubiri. Jirani yangu ananiambia kwamba fedha inayozaa huku mwenyewe amelala ni riba, na barazani nimesikia kwamba biashara ya fahirisi ni kamari. Naomba unifahamishe.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mzee wangu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Wanazuoni wamesema kwamba kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu, kwa hiyo nitaanza na kitu chenyewe. Fahirisi ni hesabu inayopima thamani ya kundi la hisa kwa pamoja, kama fahirisi ya bei tunayoisikia katika taarifa ya habari inavyopima bei za unga, mchele na mafuta. Kinachopikwa nyumbani ni unga, si fahirisi. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, lina fahirisi ya hisa zake zote, na kimo humo kiwanda cha saruji cha hapo Pongwe, ambacho hisa zake ziliorodheshwa mwaka 2002. Mfuko unaofuata fahirisi hukusanya fedha za watu wengi na kununua hisa za kampuni zote zilizomo, kila moja kwa uzito wake: kampuni yenye asilimia 10 ya thamani ya soko huwekewa shilingi 10,000 katika kila shilingi 100,000 zilizochangwa. Wewe mchangiaji unapewa vipande, yaani sehemu yako katika mfuko. Kwa kuwa meneja hana kazi ya kutafuta hisa bora, ada yake huwa ndogo, na hiyo ndiyo sifa iliyoipatia mifuko hii wateja tangu John Bogle alipoanzisha wa kwanza kwa watu wa kawaida huko Marekani mwaka 1976. Soko likipanda mfuko hupanda nalo, na likishuka hushuka nalo. Mwaka 2008 fahirisi ya S&P 500, inayojumuisha kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipoteza takriban asilimia 37, na mwenye vipande vya mfuko unaoifuata hakuwa na wa kumlipa fidia.

Hasara hiyo ndiyo inayomjibu jirani yako. Riba haitokani na mwenye mali kulala. Inatokana na mkopeshaji kujihakikishia ziada juu ya mkopo wake hata kama aliyekopa amepata hasara. Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa Makka wakati Mtume, rehema na amani zimfikie, aliposafiri na mali yake kwenda Sham, na hakuna aliyesema kwamba faida yake ilikuwa riba. Mtume amesema: "Al-kharaju bidh-dhamani," yaani pato ni la yule aliyebeba dhamana ya kitu. Watu wa pwani tunalijua hilo kwa majahazi: mwenye fungu katika jahazi hukaa barazani akinywa kahawa huku wenzake wako baharini, na fungu lake la faida ni halali yake, kwa sababu jahazi likizama fungu lake limezama pia.

Ama ulilosikia barazani lina asili yake, ila limewekwa mahali pasipo pake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba haijuzu kuuza na kununua fahirisi yenyewe, kwa kuwa huo ni uchezaji kamari mtupu na ni kuuza kitu cha kudhaniwa kisichoweza kuwepo. Wanaokusudiwa ni wale wanaofunga mkataba juu ya tarakimu, mmoja akamlipa mwenzake ikipanda na akalipwa naye ikishuka, bila hata mmoja wao kumiliki hisa. Mfuko unaonunua hisa halisi hauingii humo, kwani mwenye vipande ana haki katika viwanda, maghala na bidhaa. Hata hivyo ipo mifuko ambayo hainunui hisa za fahirisi inayoitangaza, bali huingia mkataba na benki ili ilipwe kwa kadiri fahirisi ilivyosogea. Huo kwangu unarudi katika hukumu ile ile ya Jeddah, na jina zuri lililo juu ya karatasi haliubadilishi.

Tatizo kubwa zaidi, mzee wangu, hukuliuliza. Mfuko unaofuata soko zima hununua kila kilichomo, na katika fahirisi ya Dar es Salaam tu kuna kampuni ya bia, kampuni ya sigara na benki zinazokopesha kwa riba. Ya London na New York ni hivyo hivyo. Meneja hawezi kuiacha bia, kwa kuwa akiiacha hafuati tena fahirisi. Kutochagua, ambako ndiko kunakoufanya mfuko uwe nafuu, ndiko kunakouharibu kwa Muislamu, ambaye ameamrishwa kuchagua. Meneja ni wakili wako, na ununuzi wa wakili ni ununuzi wa aliyemtuma, hivyo huwezi kusema bia imenunuliwa na mwingine. Kwa sababu hiyo mfuko wa fahirisi ya soko zima, kwa ninavyoona, haufai.

Zipo fahirisi zilizochujwa kabla ya kufuatwa. Dow Jones ilianzisha yake ya Kiislamu mwaka 1999, na baadaye zikafuata nyingine. Kampuni zenye kazi ya haramu huondolewa, kisha hutazamwa hesabu za zilizobaki. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, katika Kiwango chake cha 21, imeweka mipaka kwamba mikopo ya riba ya kampuni isifikie asilimia 30 ya thamani yake sokoni, amana zake za riba nazo zisifikie asilimia 30, na pato lake lisilo halali lisivuke asilimia 5 ya pato lote. Nisikufiche kwamba kikao kile kile cha Jeddah kilikuwa kikali zaidi, kikaona kwamba asili ya kuwa na hisa katika kampuni inayoingia katika riba, hata kama ni wakati mwingine tu, ni haramu, hata kama kazi yake kuu ni halali. Mimi naona msimamo wa Jeddah ni salama zaidi kwa dini ya mtu aliye na shamba au duka la kuwekea fedha zake. Lakini aliyefuata kauli ya AAOIFI amefuata wanazuoni, na simwiti mla riba.

Basi mwombe mwanao akutafutie maandishi ya mfuko huo, uone kama umefuata fahirisi iliyochujwa, kama unashika hisa zenyewe, na kama unazikodisha kwa wacheza soko ili ulipwe ada, jambo ambalo mifuko mingi hufanya bila mchangiaji kujua. Orodha ya kampuni hutangazwa, aisome. Katika madhhabu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kisichoonekana hakusihi, na ingawa hisa hujulikana kwa maelezo na si kwa macho, sioni udhuru kwa mtu kununua tenga la machungwa ya Muheza bila hata kuinua majani ya juu.

Ukinunua, kila gawio likija ondoa kiasi kinacholingana na pato lisilo halali ambalo mfuko umelitangaza, uwape mafukara bila kutarajia thawabu ya sadaka, kwa kuwa hilo hukulimiliki tangu mwanzo. Zaka ni jambo jingine na kutakasa huko hakuiondoi: ikiwa umenunua vipande kwa nia ya kuviuza, utatoa asilimia 2.5 ya thamani yake ya sokoni kila mwaka wa Hijria unapotimia, maadamu nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinacholazimu zaka, imefikiwa.

Wallahu aalam.