Paneli za sola juu ya ghala la mpunga

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Nzega, mkoani Tabora, yenye mota ya kilowati 15. Ghala lake lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 15, paa la bati na kenchi za mbao, upande mmoja ukitazama kaskazini na mwingine kusini. Fundi amenishauri nifunge paneli 30 za wati 550, 15 kila upande, akasema hata umeme wa TANESCO ukikatika nitaendelea kukoboa. Je, paa litahimili, na maneno hayo ni ya kweli?
Mwenye mashine, Nzega

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuanza na paa. Paneli moja ya wati 550 ina takribani kilo 28, hivyo 30 zinafika kilo 840 bila reli zake, yaani magunia manane na ushee ya kilo 100. Uzito huo ukitawanywa ni kama kilo 11 kwa kila mita ya mraba, na kenchi zilizo nzima huubeba. Shaka yangu ni kama zako ni nzima. Kabla hujalipa chochote, panda kwa ndani na bisibisi, uchome papi (mbao zinazoshikilia bati) na maungio ya kenchi: ikikataa kuingia, mbao ni nzima, ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mchwa wamekutangulia. Tazama pia kama kenchi zimefungwa barabara kwenye lenta, yaani mkanda wa zege juu ya ukuta, kwa sababu upepo unaotangulia mvua huweza kuzivuta paneli kwenda juu pamoja na paa. Skrubu zenye mpira zipite kwenye mgongo wa bati na kushika papi. Zikipitishwa bondeni mwa bati, maji yatashukia magunia. Bati lenye kutu libadilishwe sasa, maana paneli nzuri huishi miaka 25 au zaidi, na hutapenda kuzifungua zote kwa ajili ya bati.

Kuzigawa 15 kila upande, mimi nisingefanya hivyo. Tabora iko yapata nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni jua la saa sita mchana huinamia kaskazini kwa nyuzi 18 hivi. Kwa mwaka mzima tofauti ya pande hizo si kubwa ikiwa paa halina mwinuko mkali, lakini kazi ya kukoboa hufurika baada ya mavuno, katikati ya mwaka, wakati upande wa kaskazini ndio unaofaidi. Safu mbili za 15 zinaenea huko bila shida. Ziachiwe nafasi ya sentimita 10 juu ya bati ili hewa ipite.

Hewa hiyo ina maana yake. Kilowati 16.5 za paneli hizo 30 hupimwa seli zake zikiwa na joto la nyuzi 25, ilhali juu ya bati la moto seli huweza kufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza takribani asilimia 0.35. Zinabaki kilowati 14 na kitu, kabla ya vumbi na mawingu. Nayo mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, ambao paneli hizo peke yake haziwezi kuutoa. Isitoshe, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa TANESCO) ya kawaida iliyoungwa na gridi hujizima umeme unapokatika, makusudi, ili isimpige fundi aliye juu ya nguzo. Kwa hiyo fundi wako amekuahidi asichokupangia: mashine isisimame unahitaji inveta ya mseto, yaani inayofanya kazi na gridi na betri pia, betri zenyewe, na kifaa cha kuamsha mota taratibu, na gharama hupanda sana. Ningekuwa wewe ningetosheka na kupunguza bili ya mchana, nikazungumza na TANESCO kabla ya kuunganisha.

Waya zinazoshuka kutoka kwenye paneli hubeba volti mia kadhaa muda wote jua linapowaka, hata ukizima inveta, kwa hiyo zipitishwe nje ya ukuta ndani ya bomba, mbali na vumbi la pumba linaloshika moto upesi. Vumbi hilohilo hugandia vioo, na kiangazi hakuna mvua ya kuvisafisha. Vioshwe alfajiri kwa maji na sponji laini, kabla havijapata joto, na asiwepo wa kuzikanyaga paneli.