Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi Wangu wa Yoga Wamechoshwa na Mazoezi Yale Yale

SWALI: Ninafundisha yoga jioni katika ukumbi mdogo wa kukodi hapa Mwanga, mjini Kigoma. Wanafunzi wangu ni mchanganyiko wa wanawake wafanyabiashara wa dagaa, mafundi cherehani, walimu wa shule na vijana wa bodaboda. Mwanzoni ukumbi ulikuwa unajaa, lakini siku hizi wanapungua, na mmoja wao ameniambia waziwazi kwamba anajua tangu nyumbani tutakachofanya tukikutana. Nimetafuta mikao mipya kwenye simu, ila mingi ni ya kujipinda kwa namna ambayo hata mimi siiwezi. Naomba mawazo ya madarasa mapya yasiyodai vifaa vya gharama.
Mwalimu wa yoga, Mwanga

JIBU: Mwalimu, shukuru kwa huyo aliyekwambia, kwa kuwa wengi huacha kuja bila kusema neno. Hata hivyo, sidhani kwamba kilichowachosha ni mikao yenyewe. Mtu anaweza kurudia mkao mmoja kwa miaka asiuchoke, ikiwa kila anapoufanya anaelekezwa jambo jingine la kuliangalia. Kinachochosha ni mpangilio usiobadilika: salamu ya jua, yaani ule mfululizo wa mikao inayofuatana kwa pumzi, mikao ya kusimama, kushuka chini, kulala chali, kukunja mkeka na kwaheri. Ushauri wangu ni kwamba uiache simu, na kila darasa ulipe swali moja la mwili, ulitangaze mwanzoni, kisha mikao yote ya jioni hiyo iwe inalijibu.

Anza na swali linalowahusu wanafunzi ulionao: ninapoinama, ni kiungo kipi kinachokunjika? Mwanamke anayeanika dagaa Kibirizi au Katonga huinama tena na tena akiwatandaza na kuwageuza juani, na fundi cherehani huinamia kitambaa tangu asubuhi. Wote wawili watakulalamikia kiuno. Waambie wasimame, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga na magoti yamelegezwa kidogo, kisha kila mmoja aweke ukingo wa kiganja, ule upande wa kidole cha mwisho, pale paja linapokutana na tumbo. Anayeinama huku akiusukuma mkono huo nyuma atasikia unabanwa, makalio yatarudi nyuma, na mgongo utabaki umenyooka. Anayeinama kwa mazoea yake mkono hautabanwa, kwa sababu kilichopinda ni mgongo peke yake. Wape muda walirudie hilo polepole mpaka kila mmoja aipate tofauti kwa mkono wake mwenyewe, na usiwaharakishe hata kama robo saa itaishia hapo.

Baada ya hapo, rudieni tendo hilo hilo kwa sura nyingine. Wakishika mgongo wa kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mikono na kiwiliwili vilale sambamba na sakafu, wanainama. Wakikaa chini juu ya kanga zilizokunjwa, wakapitisha kanga nyingine kwenye nyayo na kuivuta bila kukunja mgongo, wanainama. Hata wakilala chali na kuuinua mguu mmoja kwa kanga hiyo hiyo, bado nyonga ndiyo inayokunjika. Mwishoni weka beseni katikati ya ukumbi na umwombe kila mmoja aliinue kama alivyojifunza. Hapo utakuwa umefundisha mikao michache sana, na hakuna atakayesema ameshaiona.

Kuhusu vifaa, usione haya kutumia vya nyumbani. B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa India aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014, ndiye aliyeeneza zaidi matumizi ya mikanda, matofali ya mbao, viti na kamba, ili hata mwili mgumu uufikie mkao bila kuumia. Kanga, kiti na ukuta wa ukumbi wako vinatosha kukupa madarasa ya miezi kadhaa.

Maswali mengine utayapata kwa kuwatazama wanaoingia mlangoni. Vijana wa bodaboda watafaidika na jioni ya vifundo vya mikono, mabega na misuli ya mbele ya nyonga, ambayo hukaza kwa kukaa kitini muda mrefu. Walimu wa shule, wanaosimama kutwa, wape darasa la kupumzika lenye mikao minne au mitano tu kwa saa nzima, ukiwemo ule wa kulala chali na kuegemeza miguu ukutani. Walimu vijana hulidharau darasa la namna hii kwa kuona kwamba hawafanyi kazi, ilhali kumfanya mtu mzima atulie dakika kumi bila kuishika simu ni kazi ngumu kuliko kumfundisha kusimama kwa kichwa. Ongeza humo yoga nidra, yaani mapumziko ya kulala yanayoongozwa kwa sauti: ukianzia kidole gumba cha mkono wa kulia, ukapita cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho, kisha kiganja, na kuendelea hivyo mwili mzima, kwa Kiswahili chako cha kila siku.

Mazoezi ya wawili wawili pia huchangamsha, ila waache wanafunzi wachague wenza wao, maana si kila mwanamke atapenda kushikwa mkono na mwanamume asiyemfahamu.

Kabla hujalilaumu darasa lako, linganisha daftari la mahudhurio na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu, hivyo mitumbwi mingi hupumzika na biashara ya dagaa wabichi hupungua. Huenda baadhi ya wanafunzi wako huja au kukosa kwa kufuata msimu huo. Zitumie jioni za mbalamwezi kwa darasa la pekee la salamu ya mwezi, yenye kuinama ubavuni, kutanua miguu na kuchuchumaa, likifanyika ufukweni ikiwezekana. Kigoma iko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua huzama majini na mwezi mpevu huchomoza nyuma ya mji. Mnaweza kuanza mkilitazama ziwa na kumaliza mmeligeuzia mgongo.

Ipo pia tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyoazimiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Kwetu huangukia kiangazi, kwa hiyo mvua haitakusumbua. Baadhi ya vikundi hufanya salamu za jua 108 mfululizo, idadi inayoheshimiwa nchini India, lakini kwa wanafunzi wasio wazoefu naona ni kuwatesa. 12 zilizofanywa kwa utulivu zinatosha kabisa.

Usibadilishe kila kitu kwa mpigo. Dakika za kwanza za pumzi na zile za mwisho za kulala chali ziache kama walivyozizoea.

SWALI: Mama yangu ana presha ya kupanda na anatumia dawa. Je, anaweza kujiunga na darasa la yoga?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Aanze kwa kumwuliza daktari wake, kisha amweleze mwalimu kabla ya siku ya kwanza, si katikati ya zoezi. Darasa la kukaa kwenye kiti litamfaa zaidi. Aepuke mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo, asibane pumzi, na asifanye mazoezi ya kupumua kwa kasi na nguvu. Akilala chali, ageukie ubavu kwanza na kukaa kidogo kabla ya kusimama, kwa sababu dawa za presha zinaweza kumletea kizunguzungu.