Maswali ya Wasomaji: Asidi Kwenye Marobota ya Hei

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Wisconsin, Marekani. Msimu huu mvua imetuandama kila tunapokata lusani (alfalfa) ya kukausha iwe hei ya mifugo, na mwenye shamba amefunga tangi juu ya mashine ya kufunga marobota ili lipulizie asidi ya propioniki kwenye majani kabla hayajakazwa. Harufu yake ni kali kuliko siki. Je, serikali inaruhusu kitu hiki kulishwa ng'ombe ambao maziwa yao yananywewa na watu, na ni ofisi ipi inayokisimamia?

JIBU: Ndugu msomaji, kinaruhusiwa, ila kinapitia mikononi mwa ofisi mbili, na kila moja inakitazama kwa jicho lake.

Ya kwanza ni FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Sheria ya mwaka 1938 inayotekelezwa na mamlaka hiyo inakitambua kuwa chakula kile kinacholiwa na binadamu na pia kile kinacholiwa na mnyama, kwa hiyo robota la lusani mbele ya sheria ni chakula kama ulivyo mkate. Marekebisho ya mwaka 1958 yaliongeza sharti kwamba kiongezwacho kwenye chakula kipate kibali kwanza, isipokuwa kile ambacho wataalamu kwa jumla wanakikubali kuwa salama kwa matumizi yake. Asidi ya propioniki imo katika orodha ya vihifadhi vya chakula cha mifugo vilivyokubaliwa kwa msingi huo, mradi itumiwe kwa kufuata utaratibu mzuri wa utengenezaji na ulishaji. Sababu yake utaielewa ukikumbuka kwamba vijidudu vilivyomo katika tumbo la kwanza la ng'ombe hutengeneza asidi hiyo hiyo kila siku vinapochachusha majani, na ini lake huigeuza kuwa sukari ya kumpa nguvu. Kiasi kinachotoka kwenye tangi lenu ni kidogo mno kikilinganishwa na hicho anachojitengenezea mwenyewe.

Ofisi ya pili ni EPA, shirika la ulinzi wa mazingira, ambalo halishughuliki na lishe bali na kuvu. Bidhaa inayouzwa kwa madai ya kuua au kuzuia kuvu huhesabiwa kuwa kiuatilifu chini ya sheria ya mwaka 1947, na hivyo sharti isajiliwe. EPA imeiondolea asidi hii sharti la kuwekewa kiwango cha juu cha mabaki katika mazao kadhaa inayopuliziwa baada ya kuvunwa, lusani na klova yakiwemo. Hata hivyo, kwa bidhaa iliyosajiliwa, maandishi ya lebo yana nguvu ya sheria, na kuitumia kinyume chake ni kosa. Soma lebo ya pipa lenu, hasa pale panapotajwa glavu na miwani, kwa sababu asidi hii huunguza ngozi na macho, na wewe unayejaza tangi uko hatarini kuliko ng'ombe.

Kuhusu kipimo, wataalamu wa ugani hushauri takriban kilo 5 za asidi kwa tani moja ya hei yenye unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na mara mbili ya hapo unyevu ukifika asilimia 30. Zaidi ya hapo ni heri kuyaacha majani yakauke. Hei iliyofungwa mbichi hupata joto, huota ukungu, na wakati mwingine huwaka moto yenyewe ghalani, jambo lililokwisha kuteketeza maghala mengi.

Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba sheria imelikaba pipa na kuliachia robota. Majimbo mengi huisamehe hei isiyochanganywa na kitu kingine masharti ya lebo yanayoubana mfuko wa chakula cha kiwandani, kwa hiyo anayenunua hei mnadani hana karatasi ya kumwambia kilichopuliziwa, na hubaki kutegemea pua yake na uaminifu wa muuzaji. Kwa upande wa kibali, Umoja wa Ulaya ulichagua njia nyingine: kwa kanuni yake ya mwaka 2003, kila kiongezwa cha chakula cha mifugo, hata vile vya sileji (majani mabichi yaliyochachushwa), sharti kiidhinishwe kwanza. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi kwa etoksikwini, kihifadhi kinachozuia lusani iliyokaushwa kiwandani isipoteze vitamini: Marekani inairuhusu isizidi sehemu 150 kwa milioni, ilhali Ulaya ilisimamisha idhini yake mwaka 2017.

SWALI: Mhariri, nina ekari chache za nyasi za malisho aina ya boma Rhodes karibu na Nakuru. Ndugu yangu aliyeko ng'ambo ameahidi kuniletea dumu la dawa hiyo ya hei. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie. Kibali cha Marekani hakivuki mpaka pamoja na dumu. Nchini Kenya, kemikali ya kuua kuvu kwenye mazao iko chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, na husajiliwa na PCPB, bodi inayosimamia bidhaa hizo. Chakula cha mifugo nacho kina sheria yake, Sura ya 345. Iwapo duka la pembejeo litakuuzia kihifadhi, dai kuona namba ya usajili kwenye lebo. Tena asikushawishi mtu kutumia gesi ya amonia, kwani ikitiwa kwenye hei bora huweza kuzalisha sumu inayowatia ng'ombe wazimu na kupita kwenye maziwa hadi kwa ndama.

Kwako wewe jua linatosha. Geuza nyasi mara mbili, kisha asubuhi umande ukishakauka chukua konzi moja uisokote: mashina yakipinda bila kuvunjika, subiri, yakikatika, ita mashine.